Nguo za kuzikiwa za bibi wa hapa mjini Columbus

Leo bibi ninayemtunza kazini amenionyesha nguo atakazozikwa nazo.

Ni wa kabila la Wahmong, mkimbizi kutoka Laos. Amezidarizi mwenyewe kwa miaka.

Mjukuu wake akanitafsiria: "Anasema bila hizi wazee wake waliotangulia hawatamtambua."

Bon, bibi akamwambia mjukuu ajifunze kumfunga mshipi wa nguo hizo, kwa siku atakayokufa. Mjukuu, dada wa watu, akakataa, anaogopa.

Nikajifunza mimi. Mara ya tatu bibi akaridhika, akauliza marehemu mama yangu tulimvika nini.

Nikasema, "Kitenge chake."

Jamani, nilidanganya. Mama tulimzika njiani tukikimbia vita, tumemfunga kwa turubai. Kitenge chake nilikuwa nimebebea mtoto mgongoni.

Bado niko kwenye gari nje ya nyumba yake, sijaliwasha.

Ninyi mngemjibu nini?