Kikombe cha Nyonga ya Shangazi

Ipo siku ya msiba kule Butiama ambayo hainitoki, mwanangu, na tangu uliponionyesha mchoro wako wa kikombe cha nyonga ya bandia, inanijia hata nikiwa nachambua dagaa. Unasema umekiongezea kina ili kichwa cha chuma kisichomoke. Kaa kidogo nikusimulie.

Nilikuwa msichana, naishi kwa shangazi yangu Wakuru hapa Kamunyonge, Musoma. Upepo wa ziwa uliingia hadi vyumbani, na asubuhi shangazi aliimba akikamua ng'ombe nyuma ya nyumba. Nyonga ilipomharibikia, nyimbo zilikoma. Akapelekwa hospitali ya mbali, akarudi na nyonga mpya: kichwa cha chuma ndani ya kikombe cha plastiki ngumu. Akatembea tena. Alikwenda sokoni mwenyewe, akipita makusudi mbele ya waliokuwa wakimhurumia.

Kisha kaka yake akafariki. Tulipofika Butiama, wanawake walikuwa wamekaa chini kwenye mikeka, kama desturi inavyotaka. Nikaleta kiti, maana daktari alimkataza kukaa chini. Mama mmoja akasema bila hata kushusha sauti, "Huyu wa Musoma amekuja kama mgeni rasmi."

Shangazi akakisukuma kiti. "Nimlilie kaka yangu nikiwa juu?" akaniuliza. Akashuka taratibu, akalia na wenzake, mkono begani kwa wifi yake. Alipoinama mbele kumfunika wifi khanga, nyonga ikachomoka. Kilio chake kilibadilika, na kila aliyekuwa pale alikisikia kikibadilika.

Hospitali tulipokelewa na daktari mwingine, mzee, mpole. Alichukua kikombe cha chai akatia kijiko. "Nyonga yake iko hivi," akaniambia. Akakilaza kijiko hadi mpini ukagonga ukingo, na kichwa cha kijiko kikainuka.

"Kumbe kikombe ndicho kilichoichomoa nyonga?" nikauliza.

"Ukingo uleule uliowekwa kumlinda. Kina kikizidi, mtu akiinama sana, chuma kinagonga." Akamgeukia shangazi. "Mama, nyumbani huwa unakaaje?"

"Nikikamua nakaaga kwenye kigoda. Nikisalimia wakubwa napigaga magoti. Msibani, chini." Shangazi akamtazama. "Wenzako waliniuliza ninatembeaje tu."

Daktari akatabasamu kidogo. "Mimi nakuuliza yote."

Akamweleza kwamba anaweza kumwekea kichwa kikubwa zaidi, ukingo mfupi, na kukigeuza kikombe kifuate anavyokaa. Ila hakumficha: kichwa kikiwa kikubwa, plastiki inakuwa nyembamba, huenda ikachakaa mapema. Na chini kabisa asikae.

"Kigoda je?"

"Kigoda, kisiwe kifupi sana, utakaa."

"Basi weka hicho. Bora kichakae nikiwa na watu."

Aliishi nacho miaka mingi, na nyimbo za asubuhi zilirudi. Msiba mwingine ulipotokea Butiama, yule mama aliyemkejeli ndiye aliyemletea kigoda, kisha akavuta na chake akakaa ubavuni kwake. Hakuomba radhi. Alisema tu, "Sogea, jua linanichoma," na shangazi akasogea. Nikikumbuka migongo yao miwili pale, mwanangu, natamani ningekuwa msichana tena kwa asubuhi moja.

Kwa hiyo nakuusia. Usiongeze kina kwa sababu ya woga. Kabla hujachora tena, nenda Bunda, nenda Murangi, ukae na kina mama wakiparua samaki, uone wanavyochuchumaa na wanavyoinuka. Muulize kila mmoja ni kitu gani hatakubali kukikosa, kisha umwambie ukweli wa gharama yake kwa mwili, naye achague. Mguu ni wake, na watu anaotaka kukaa nao ni wake.

Mungu akutulize mkono unapochora, akupe sikio la kuwasikiliza wagonjwa wako, na kila utakayemtengenezea akae pale moyo wake unapotaka, na ainuke salama.