Makumbusho ya Reli Mahali Pasipo na Reli

Nilipomaliza chuo kikuu, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilirudi nyumbani Gesima kungoja barua ya kupangiwa shule ya kufundisha. Barua ilichelewa, nami nikajikuta karani, mfagiaji na mkwangua kutu wa makumbusho ya pekee ya reli katika nchi ya Wakisii. Hayakuwa na mshindani. Reli yenyewe haikuwahi kufika kwetu. Ukitaka kuona garimoshi ulishuka mpaka Kisumu, na wengi wa majirani zetu hawakuwa na haja hiyo.

Makumbusho yalikuwa kibanda cha mabati kando ya barabara, ng'ambo ya bonde kutoka nyumbani. Ndani mlikuwa na taa ya ishara, bendera nyekundu, bendera nyingine iliyowahi kuwa kijani, kofia ya baba, na kipande cha reli ambacho shule ya jirani ilitaka sana kukitundika kiwe kengele. Katikati ilisimama injini ya mvuke yenye magurudumu ya chuma na bomba refu la moshi. Zamani iliendesha msumeno wa mbao kwenye shamba la mzungu upande wa Sotik. Mzungu alipouza shamba aliiacha kwenye nyasi, baba akaiomba, akaileta kwa kuikokotesha na ng'ombe. Haikuwa garimoshi. Baba alilijua hilo kuliko mtu yeyote, na hakupenda kukumbushwa.

Yeye alikuwa dereva wa garimoshi, njia ya Kisumu na Butere, mpaka alipostaafu. Tulikaa kwenye landhi, zile nyumba za mstari za wafanyakazi wa reli. Kila dereva alikuwa na namna yake ya kupiga filimbi akikaribia stesheni. Ya baba ilikuwa moja ndefu, mbili fupi, kisha ndefu nyingine iliyoshuka mwishoni kama mtu anayepiga miayo. Mama akiisikia aliinjika maji ya ugali. Baba akifika mlangoni na masizi yake, ugali ulikuwa unageuzwa. Sikuwahi kuwasikia wakipatana juu ya jambo hili. Sikuwahi pia kuwasikia wakiambiana neno la mapenzi, na nilipokwenda chuo kusoma mashairi niliuona huo kuwa upungufu katika malezi yangu. Nilikuwa na akili nyingi siku hizo.

Huku Gesima hakuna kilicholia ila ng'ombe na mvua juu ya bati. Jioni nyingine baba alinyamaza katikati ya sentensi, akainamisha kichwa upande wa ziwani, kule Kisumu, akangoja, kisha akaendelea na habari za chai. Mama naye alilalamika kwamba mume akishinda nyumbani kutwa, mtu hajui apike saa ngapi.

Mafundi wa karakana walikuwa wamempa baba filimbi ya shaba siku ya kustaafu. Aliifunga juu ya boila la ile injini hata kabla hatujajua kama lingeshika maji. Alitaka kuisikia mara moja tena, kwa mvuke, kwa mkono wake. Makumbusho yote, pamoja na kibao nilichokiandika kwa herufi za madaha, yalikuwa kisingizio cha jambo hilo. Kibao kilimleta bibi mmoja na kuku wake kikapuni. Aliuliza gari linaondoka saa ngapi. Nilimweleza maana ya makumbusho kwa kirefu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Basi la kesho?"

Mwenzake baba alikuwa Mjaluo, mtia makaa wake kwenye garimoshi kwa miaka mingi, aliyekaa mlango wa pili kule landhi. Baba alimwita Jirani hata sasa, ingawa alikaa mjini Kisii akitengeneza mashine ya kusaga unga. Yeye alimwita baba Dereva. Wote walijitolea, na mimi nilitolewa. Sisi tulikuwa Wasabato, hatukugusa kazi Jumamosi. Jirani alikuwa Mkatoliki, hakukosa misa ya Jumapili. Kwa hiyo injini ilitengenezwa Jumapili alasiri tu, wakati ambao Gesima umepewa mvua. Waliziba mirija, wakabadilisha boliti, wakagombana juu ya valvu. Mimi, kwa wembamba wangu, niliingizwa kichwa na mabega kwenye tanuri kukwangua. Jirani aligonga chuma juu yangu. "Mwalimu, uko hai? Au tuandike kwa chuo?"

Ndipo tajiri wa ile mashine ya unga alipoamua kuihamishia Homa Bay, na fundi wake pamoja nayo. Jirani angeondoka Jumamosi asubuhi. Injini ilihitaji watu wawili wanaoijua, na Jumapili nyingine haikuwapo. Ilibaki Ijumaa.

Tuliwasha moto baada ya chakula cha mchana. Kuni za miwati zilikuwa zimenyeshewa. Zilitoa moshi mwingi na joto la kubembeleza. Kiungo kimoja kikavuja, wakapunguza moto, wakakikaza, wakaanza tena. Mshale wa geji ulikaa pale pale kama mtu aliyekuja kukopa. Kufikia jioni mawingu yalipasuka upande wa magharibi, jua likaonekana juu ya kilima, kubwa, limebakiza kidogo. Likizama, Sabato imeingia. Baba aliacha kutazama geji, akawa anatazama kilima.

"Ipige tu sasa," nilisema. "Mvuke upo."

"Kwa presha hii italia kama mbuzi, binti yangu. Si yangu hiyo."

Mshale ukaanza kupanda. Jua nalo likashuka. Baba aliifuta mikono kwa kitambaa, kidole kwa kidole, akavaa koti.

"Dereva," Jirani alisema, "robo saa. Mungu wako hawezi kungoja robo saa?"

"Umewahi kuniona nikichelewesha gari?"

Jirani alifikiri. "Hapana."

"Basi. Chunga maji yasipungue."

Tulishuka bondeni kwa njia ya kati ya michai, yeye mbele. Sikuona uso wake, na sikujitahidi kuuona. Tulikuwa tumevuka kijito, tunapanda kwetu, jua limeshazama, filimbi ilipolia. Moja ndefu. Mbili fupi. Kisha ile ya miayo, ikavutwa, ikavutwa, mpaka mbwa wa kilima kizima wakajibu.

Baba alisimama huku mgongo wake ukinielekea. "Ya mwisho ameivuta mno," alisema, akaendelea kupanda.

Nyumbani chakula cha Sabato kilikuwa tayari tangu alasiri, ndizi na maharagwe, kimefunikwa kama ilivyo desturi, moto umeshazimwa. Mama alikuwa shemasi wa kanisa. Hakuwahi kuwasha moto Sabato, hata tulipougua. Tulimkuta jikoni, moto unawaka, sufuria ya maji inaanza kuimba, bakuli la unga mkononi.

"Unafanya nini?" baba aliuliza.

"Si umepiga—" Akamtazama baba, akautazama moto kana kwamba mtu mwingine ameuwasha.

"Si mimi," baba alisema. "Ni Jirani."

Mama aliyaangalia maji. Yalikuwa yanachemka. "Basi yeye ndiye atakayekula," alisema, akatia unga.

Baba alifungua Sabato kwa sala fupi kuliko zote nilizowahi kumsikia akisali. Jirani alifika baada ya kuuzima moto wa injini, mweusi mpaka masikioni, akakaribishwa mezani. Injini haikuwashwa tena baada ya jioni hiyo, na kile kipande cha reli kilikwenda kuwa kengele.

"Ile ya mwisho uliivuta mno," baba alimwambia.

"Nyumbani kwako ni mbali siku hizi," Jirani alisema. "Nisingeivuta, maji yasingewahi kuchemka."

Mama alimmiminia maji ya kunawa. Kisha akauweka ugali katikati, wa moto, na baba akawa wa kwanza kuumega.