Mistari Themanini ya Mvua Isiyonyesha

Mwaka wa 1931 nilikuwa na miaka kumi na saba, baba akafa, na taabu yangu ikaanza hapo. Shuleni nilikaa miezi mitano tu. Nilijua kuhesabu na kuandika tarakimu, basi. Hizo tarakimu ndizo zilizonitoa kwenye jembe la shamba la chai la Mzungu tuliyemwita Bwana, huko Kericho, nikapewa kazi ya kupima mvua.

Chombo chenyewe kilikuwa mkebe wa shaba uliozikwa nusu kwenye nyasi nyuma ya ofisi, juu una faneli, ndani chupa. Kila asubuhi saa tatu nilitoa chupa, nikamimina maji kwenye kioo chenye mistari, nikapiga goti ili jicho lilingane na maji, nikasoma. Mistari mia ni inchi moja. Halafu nilimwaga, nikaandika kitabuni. Karani, mtu wa kutoka ziwani, alinifundisha hivi: "Ndugu yangu, andika kile kioo kinasema. Kufikiri ni kazi ya Bwana."

Nilimtii. Huo ndio ujinga wangu na siufichi.

Mwaka wa tatu wa kazi hiyo mvua ilichelewa vibaya. Niliandika sufuri mpaka mkono ukachoka. Miche ya chai ilizidi kimo kwenye kitalu, na Bwana alisema itapandwa siku kitabu kitakapoonyesha zaidi ya nusu inchi. Wakati huo mama alikuwa amekuja kunitembelea kutoka upande wa Sigor, kwa miguu.

Asubuhi moja nikakuta chupa ina maji. Nilishtuka nikakaa chini. Kioo kilisema mistari themanini! Maji yalikuwa na weupe kidogo. Nikasema ni vumbi la faneli. Usiku tulikuwa tumesikia ngurumo, na huku kwetu mvua hunyesha kilima kimoja ikaacha cha pili. Sisi tulilala kambini, ng'ambo ya bonde; Bwana alilala mjini. Lakini nilikanyaga vumbi kavu kwenda kusoma mvua, jamani! Na bado niliandika themanini.

Bwana alifika na gari, akasoma, akapiga meza kwa furaha. Nyapara akaamriwa ang'oe miche yote ikapandwe.

Nilirudi kambini kunywa uji. Mama akaniuliza, "Kile kitu kimekunywa vizuri?"

"Kitu gani, mama?"

"Kile unachokipigia magoti kila siku. Alfajiri nimekipa maji ya mto na maziwa kidogo, nikakipangusa kwa sinendet." Sinendet ni mmea wetu wa kubarikia. "Miaka mitatu unakiomba mvua na hujakipa hata tone! Nani alikulea wewe?"

Uji ukanimwagikia miguuni, sikusikia moto. Nilikimbia.

Shambani nikakuta makapu na makapu ya miche, mizizi iko juani. "Acheni! Si mvua!"

Nyapara akaniangalia. "Tazameni, mwenye mkebe leo ni Bwana! Mbingu imekuandikia barua?" Watu wakacheka.

Nilimpita, nikapiga goti mbele ya Bwana aliyesimama kando ya gari lake, nikachimba kwa mkono mpaka kiwiko. Nikatoa vumbi. "Bwana, ardhi haijalowa. Yale maji yalimwagwa na mama yangu. Kosa ni langu, niliyaandika."

Kicheko kilikatika. Bwana alilishika lile vumbi, uso ukawa mwekundu. "Wewe iko andika mvua! Mvua iko wapi?"

Miche ilirudishwa kivulini, ikafunikwa magunia yaliyolowa. Mingi ilipona. Mimi sikupona: kabla ya saa sita nilikuwa barabarani na mama, sina kazi, mizigo mgongoni.

Nilitaka kumgombeza. Akanitangulia: "Mguu wako ulijua ni kavu. Kwa nini uliandika?"

Swali hilo lilinishtua kuliko hasira ya Bwana, na bado linanishtua. Tulienda kulima kwetu. Tangu hapo sijapanda mbegu kabla ya kuchimba kwa mkono wangu mwenyewe. Majirani walipanda kwa kusikia ngurumo, mbegu zikakauka, wakapanda tena. Mimi nilipanda mara moja.

Leo nina ekari ishirini na mbili, ng'ombe kumi na mmoja, nyumba ya mabati ya vyumba vinne, mashine ya kusaga mahindi, na plau mbili.