Fundi wa Viyoyozi na Birika Letu

Siku ya tatu hiyo fundi wa viyoyozi alikuwa bado anazunguka ofisini kwetu polepole, akigusa kuta kwa mgongo wa kiganja kama mzazi anayepima homa ya mtoto. Bisibisi iko mfukoni, na skrubu hata moja hajafungua. Sisi tunatetemeka ndani ya masweta, dada wa masjala anakohoa, naye fundi anauliza mambo yasiyohusu kazi yake: nani hufika wa kwanza, chai tunachemshia wapi. Tukadhani ana kiu. Tukammiminia kikombe, akakiacha kipoe, akabeba birika la umeme kutoka kwenye rafu hadi upande wa pili wa chumba. Kufika saa sita mchana tulikuwa tumevua masweta.

"Umetengeneza nini, fundi?"

"Sijatengeneza kitu." Akaonyesha kidude cheupe ukutani, juu ya rafu. "Hicho ndicho kinachopima joto. Mvuke wa birika ukikifikia, kinadhani mnaungua, kinaiambia mashine iongeze baridi."

Akaaga, mikono misafi kama alivyokuja. Chai tulichemsha kwa sababu ya baridi. Sasa naambiwa baridi ililetwa na chai. Dada wa masjala ananiuliza lipi lilitangulia. Nimeenda kuchemsha chai nyingine, nifikirie vizuri.