Rangi ya Puto

Mume wangu ni fundi rangi, na mtaani wanamwita Jicho. Jina hilo alijitafutia mwenyewe. Mwonyeshe ukuta uliopakwa zamani: ataukodolea macho, atainamisha kichwa upande, kisha atachanganya rangi kwenye ndoo bila kipimo chochote. Akishapaka kiraka huoni kilipoanzia wala kilipoishia. Halafu anajifuta mikono na kusema, "Jicho hili halijawahi kukosea." Anawaambia wateja, anawaambia majirani, ananiambia na mimi ambaye sijamuuliza. Ila kazi zote alizopata maishani zilikuwa kuta tupu: krimu juu, bluu chini, ngazi za maghorofa, vyoo vya ofisi. Picha hakuna aliyewahi kumpa achore, na jambo hilo lilikuwa linamkereketa.

Mimi ni fundi cherehani kwenye kiwanda kidogo cha sare za shule. Kazi yangu ni kola. Nilipojifungua nilipewa ruhusa, ruhusa ikaisha, nikaomba nyingine, nayo ikaisha, mpaka msimamizi wetu akanipigia simu. "Mama, cherehani yako imekaa bure mno. Jumatano nikukute umeikalia, na mtoto usije naye. La sivyo nampa mwingine."

Naipenda kazi yangu, nisiseme uongo. Naipenda kelele yake, nalipenda hata vumbi la vitambaa. Na baada ya muda wote ule ndani ya nyumba na mtoto na Puto, hata kazi ya kupanga kokoto ningeifanya huku naimba.

Sasa huyo Puto. Ni kiumbe wa kipindi cha watoto kwenye televisheni, asubuhi yumo na jioni yumo. Anaitwa Puto lakini puto si yeye. Ana masikio mawili madogo, shingo hana, na tumbo linaanzia kidevuni. Mume wangu anasema ni kiazi. Mimi nasema ni jino la mwisho, lile linalosubiri kung'olewa. Tuliwahi kununiana siku nzima kwa sababu hiyo, watu wazima na akili zetu.

Anaingia na kusema, "Hamjambo, vipenzi vyangu! Kijiko kiko wapi?" Kijiko kiko mguuni kwake, kikubwa kama sepetu. Yeye anasimama, anapepesa macho, anasubiri. Binti yetu, ambaye tunamwita Kifungo kwa sababu alipoanza kutambaa alimeza kifungo cha shati nililokuwa nashona na kesho yake akakirudisha salama kwa njia ya kawaida, ananyoosha kidole: "Pale!" Puto anasema, "Sisikii!" Kifungo anapaza sauti: "Paleee!" Puto anapepesa macho. Hapo ndipo mume wangu, ametoka kazini amechoka, viatu hata hajavua, anaponguruma kutoka kwenye kochi: "Kiko mguuni kwako, we kiazi!"

"Baba Kifungo, usimtukane mgeni mbele ya mtoto," namwambia.

"Mgeni gani anakuja kila siku kutafuta kijiko kilekile?"

Kuaga kwake ndiko kulikokuwa balaa. "Sasa naondoka. Nipungieni mkono!" Tunapunga. "Sijaona mkono!" Tunapunga tena. "Sijaona mkono!" Nimempungia Puto nikiwa na mwiko, nimempungia mikono ikiwa na povu la sabuni, nimempungia nikiwa kwenye simu na msimamizi nikimwomba siku za ziada. Asipopunga mtu mmoja tu humu ndani, Kifungo analia mpaka mtu huyo apunge. Hata msoma mita za umeme alipunga, amesimama pale mlangoni, uso mkavu kabisa, kisha akaendelea na mita yake.

Televisheni yenyewe ilikuwa kuukuu, mama mkwe alituachia aliponunua mpya, na rangi nyekundu ilishakufa zamani. Kila kitu kilikuwa na ukijani. Msoma habari alionekana kama mtu aliyekula chakula kilicholala. Tulizoea. Binadamu unamjua, ukimwona wa kijani unamrekebisha mwenyewe kichwani. Nyanya unaijua, moto unaujua. Lakini Puto? Kiazi chenye masikio, nani amewahi kukutana nacho njiani? Kwetu Puto alikuwa wa kijani, na hatukuwa na sababu ya kumshuku.

Basi nikatafuta shule ya chekechea. Iko moja mkabala na kiwanda chetu, na mwenye shule tunamwita Madamu. Tukaenda mimi na mume wangu kuomba nafasi. Madamu akasema nafasi hakuna, waliojiandikisha wanatosha kujaza lori. Mimi nikaanza kubembeleza. Mume wangu hakuwa hata anasikiliza, alikuwa anautazama ukuta wa darasa, mweupe, mtupu, toka kona hadi kona.

"Madamu," akasema, "ukuta huu nikuchoree Puto bure, na wewe umpokee mtoto."

Madamu watoto wake ni watu wazima, wana ndevu. "Huyo Puto nasikia wanamwimba kutwa," akasema, "mimi hata sura simjui. Unamweza?"

"Madamu, jicho hili halijawahi kukosea."

Wakakubaliana achore siku ambazo watoto hawapo, na Jumatatu Kifungo aanze. Mume wangu alirudi nyumbani kama aliyepewa ukuta wa ikulu. Alipiga magoti mbele ya televisheni na ndoo yake, anaongeza tone la hiki, tone la kile, anachovya kidole na kukilaza juu ya tumbo la Puto kwenye kioo. "Mama Kifungo, usizime! Bado!" Alipofika mahali ambapo huwezi kutofautisha kidole na tumbo, aliniita nije nishuhudie. Nikashuhudia. Kijani kilekile, wallahi, hata mimi nilimvulia kofia.

Jumatatu asubuhi watoto wakapangwa, Madamu akavuta shuka lililofunika ukuta. Nitasema haki yake: Puto alikuwa hai. Tumbo, masikio, kijiko mguuni, macho yale ya kusubiri. Kifungo akachomoka mkononi mwangu, akakimbia, akaukumbatia ukuta.

Wengine waliukodolea macho ukuta. Kisha sauti moja ndogo ikasema, "Puto mgonjwa."

"Puto ameoza!" mwingine akadakia.

Mungu wangu! Darasa zima lililipuka. Walilia wamekaa, walilia wamelala, mmoja alitapika kwa huruma. Walimu walikimbia huku na huku, mtoto huyu begani, yule kiunoni. Na katikati ya msiba huo wote mwanangu anauchekea ukuta na kusema, "Kijiko pale!"

Madamu akatuingiza ofisini, akawasha televisheni yake. Ilikuwa saa ya kipindi. Akaingia Puto, wa njano. Njano ya kung'aa, njano ya ndizi, toka masikio hadi miguu.

Mume wangu alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. "Njano," akasema. Akapangusa kioo kwa kiganja. "Njano," akasema tena, kama mtu anayesomewa majibu ya hospitali.

Mimi nilicheka. Nisamehewe, nilicheka mpaka nikakalia kiti cha mtoto, nilipoinuka kikainuka na mimi. "Jicho!" nikamwambia. "Halijawahi kukosea!"

"Mama, wewe unacheka," Madamu akasema. "Kesho nisipokuta rangi yake halisi, mtoto wako nitakurudishia pamoja na huo ugonjwa ukutani." Nikakivua kile kiti haraka.

Mchana uleule, watoto walipoondoka, mume wangu alimgeuza Puto kuwa wa njano. Alifanya kazi bila kupiga mluzi, yeye ambaye hupiga mluzi hata akipaka choo.

Jumanne watoto walimshangilia, wakampungia mikono yote miwili. Nikashusha pumzi. Kifungo akaingia, akainua macho, na hapo nikasikia ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa kiumbe wa ukubwa ule. Alinipanda kama paka apandavyo nguzo. "Si Puto! Si Puto!" Kila nikimgeuza, anazidi. Wenzake wakaanza kutetemesha midomo, unajua kilio cha watoto kinavyoambukiza.

Madamu akanisindikiza hadi mlangoni. Hakuwa mkali, na hilo ndilo lililoniumiza. "Mama, jana walinichosha, leo siwezi tena. Mlete kesho. Akilia hivi, nafasi nitampa mwingine, na wewe utanielewa." Kesho yenyewe ilikuwa Jumatano ya msimamizi.

Nyumbani nilimpa mume wangu maneno yake, ya jicho na ya ukoo wake mzima. Yeye akasema dawa ni kuitengeneza televisheni, mtoto amzoee Puto wa njano humuhumu ndani. Akaja fundi wa televisheni, akaifungua mgongo, akapuliza vumbi, akabana waya, nyekundu ikarudi. Msoma habari akapata midomo. Jioni, fundi akiwa bado yupo, Puto akaingia, njano tupu.

Kifungo alimtazama. Hakulia. Alitembea hadi kwenye televisheni, akaizima kwa kidole chake mwenyewe, akageuka akaondoka.

Tulitazamana mimi na baba yake. Jambo tulilomwomba Mungu asubuhi na jioni, limetokea mbele ya macho yetu! Furaha yetu ilidumu kiasi cha chai kuchemka. Mtoto asiye na Puto alichukua futi yangu ya kupimia akaitumbukiza chooni. Akamwaga sukari ili aione ikianguka. Akampanda baba yake kichwani na kukaa hapo, anamchapa mashavu kwa brashi. Kumbe muda wote ule tulikuwa na yaya asiyekula, asiyelala, asiyedai chochote, nasi tunamtukana kiazi!

Nilimfuata fundi nje akiwa anafunga begi lake. "Fundi, iue tena hiyo nyekundu."

"Mama," akasema, "mimi nilisomea kutengeneza."

Nikaingia chumbani, nikakaa kitandani, nikalia. Si kwa ajili ya Puto wala sukari. Nililia kwa ajili ya cherehani yangu, kwamba kesho mtu mwingine atakaa pale karibu na dirisha, atashika kola zangu, na mimi nitabaki humu napungia mikono kiazi mpaka nizeeke. Mume wangu alisimama mlangoni akanitazama. Hakusema jicho hili wala jicho lile. Asubuhi nilipoamka alikuwa ameshatoka, na kopo la kijani kilichobaki halikuwepo.

Nilimbeba Kifungo hadi shuleni, uso ameuficha begani kwangu. Tulipofika getini akaanza kulia kidogokidogo. Ndani nikamkuta mume wangu amechuchumaa chini ya ukuta, magoti yana kijani. Pembeni ya mguu wa Puto mkubwa wa njano, chini kabisa, kimo cha mtoto, alikuwa amechora Puto mdogo. Ukubwa wa mto wa kulalia. Wa kijani.

Watoto walikuwa wamemzunguka, midomo imekaa tayari. Madamu kashika kiuno. "Fundi, nini tena hiki?"

Mume wangu akajifuta mikono. "Ni yuleyule Puto, Madamu. Huyu mkubwa ameiva. Huyu bado mbichi."

Watoto wale mambo ya ndizi wanayajua, hakuna hata mmoja ambaye hajanyang'anywa ndizi ya kijani na kuambiwa asubiri. Mmoja mwenye kamasi akasogea, akambonyeza Puto mdogo tumboni kwa kidole, kama mama yake anavyobonyeza matunda sokoni.

"Gumu," akawatangazia wenzake.

Wakaja wote, wakapanga foleni, wakabonyeza mmoja mmoja. Gumu. Gumu. Bado. Hakuna aliyelia.

"Ataiva lini?" yule wa kamasi akauliza.

"Akimaliza chekechea," mume wangu akajibu.

Madamu aliutazama ukuta, akaitazama saa, akawatazama watoto wake waliotulia kuliko walivyowahi kutulia. "Haya," akasema. "Mvumilivu hula mbivu. Ingieni darasani."

Kifungo alikuwa ameinua kichwa. Alimwangalia yule mkubwa, mdomo ukatetemeka. Akamwangalia yule mdogo. Nikamsikia anateleza taratibu kifuani kwangu, tumboni, miguuni, mpaka chini. Akaenda, akachuchumaa mbele ya Puto mbichi, akamwelekeza kwa sauti ya mtu aliyechoka kurudia: "Kijiko pale."

Basi nilikuwa huru. Kiwanda kiko ng'ambo ya barabara, cherehani zilishaanza kuunguruma, nazisikia. Nikapiga hatua mbili, nikageuka.

"Kifungo, mama anaondoka."

Hakugeuka. Alikuwa anambonyeza Puto tumbo.

"Kifungo. Mama anakwenda kazini."

Na hapo, mbele ya Madamu na walimu wake wote, nikausikia mdomo wangu ukisema, kwa sauti kubwa, "Sijaona mkono!"

Mume wangu akaangua kicheko. Kifungo hakugeuza hata shingo. Aliinua mkono mmoja juu ya kichwa, akaupunga harakaharaka, vilevile tulivyokuwa tukimpungia Puto kila jioni ili atuondokee.

"Sijaona mkono," nikasema tena, polepole.

Mume wangu akanishika kiwiko kwa mkono wake wenye kijani. "Twende, Mama Kifungo," akasema. "Ameshapunga."