Mlima Nyuma ya Choo Chetu

Mabati mapya huwa na sauti asubuhi. Usiku wa Naro Moru una baridi ya kuuma masikio, na jua linapopanda juu ya mlima na kuyagusa mabati, huanza kugutuka: ta, ta, kisha kimya, kisha ta tena, kama mtu anayealisha vidole. Nilipokuwa darasa la nne sauti hiyo haikutoka kwenye nyumba yetu, kwa sababu mabati ya nyumba yalikuwa makuukuu na yalishazoea baridi. Ilitoka chooni. Baba alikuwa amejenga choo kipya, kuta na paa mabati matupu, upande wa mashariki ambako udongo ulikuwa mgumu. Kwa hiyo ukisimama mlangoni kwetu kutazama Mlima Kenya, uliona kwanza kamba ya nguo, halafu ng'ombe akicheua, halafu choo kinachong'aa, shamba la vitunguu la jirani, msitu mweusi, na mwisho kabisa vilele vyenye theluji, vidogo, kana kwamba vimekaa juu ya paa la choo. Sikujua kwamba watu hupanda ndege kuja kuviona.

Mabati yale yalitoka mjini Nyeri, katika duka la vifaa vya ujenzi la Bwana Harish, mtu mpole aliyewajua wateja wake kwa majina ya watoto wao. Kila mwisho wa mwaka aliwagawia kalenda. Alikuwa amechoka na picha za maporomoko ya nchi za watu, akataka mwaka huo kalenda iwe na mlima wetu, na aupige picha mwenyewe. Baba akamwambia, "Kuja kwangu. Mlima uko mlangoni." Mimi nikalibeba neno hilo hadi shuleni. Nikawaambia wenzangu kwamba kwetu kungetundikwa ukutani kuanzia Mukurweini hadi Nanyuki. Wairimu, niliyekaa naye dawati moja, alinitazama kutoka juu hadi chini. "Ati kwenu? Kwenu wapi?"

Bwana Harish alikuja asubuhi moja ya Agosti, wakati vitunguu vimeng'olewa na kuanikwa, na harufu yake imeingia mpaka kwenye blanketi. Mama alikuwa ametuvisha nguo za kanisa. Alishuka kwenye pikapu yake na kamera shingoni, akasimama mlangoni, akaiinua kamera, akaishusha.

"Mama Muthoni," akamwambia mama kwa adabu, akimwita kwa jina langu, "hizi nguo zinaweza kutoka kidogo?"

Nguo zikaanuliwa. Akauliza kuhusu ng'ombe, ng'ombe akapelekwa nyuma ya nyumba. Kisha akanyoosha kidole kuelekea choo.

"Hiyo ni mabati yako, Bwana Harish," baba akamkumbusha.

Tulicheka sote isipokuwa cucu, mama yake baba, ambaye wakati huo alikuwa akitoka nyumbani mwake amevaa sweta ya buluu na kitambaa kipya kichwani. Alibeba kigoda chake mwenyewe. Akakiweka katikati ya uwanja, akakaa, akakunja mikono mapajani. Maisha yake yote cucu alikuwa amepigwa picha moja tu, ile ya kitambulisho, na alisema ndani yake anafanana na mtu aliyeshikwa akiiba kuku.

"Cucu, leo nataka mlima peke yake," Bwana Harish akamsihi.

"Peke yake? Wewe umewahi kuuona peke yake?"

"Usogee kidogo tu."

"Nisogee niende wapi, mwanangu? Mimi niko kwangu. Piga. Wingu linakuja."

Na kweli lilikuwa linakuja, limeshaanza kupanda kutoka msituni. Sisi wengine tukakimbilia kando yake. Bwana Harish akapiga mara moja, harakaharaka, kisha akakimbia akapita choo hadi ukingoni mwa vitunguu, akaupiga mlima kabla haujafunikwa.

Kalenda ilifika Novemba, shule ikikaribia kufungwa. Ulikuwa mlima mzuri sana, mweupe juu na mweusi chini, na mbele yake hapakuwa na mtu, wala mnyama, wala hata kitunguu kimoja. Nilipoipeleka shuleni walinizunguka. "Choo iko wapi?" Wairimu akauliza, na darasa zima likaangua kicheko. Nilirudi nyumbani nikilia. Cucu alikuwa ameshapigilia msumari juu ya kitanda chake. Aliishika kalenda, akaitazama, akanirudishia. "Mlima ni huo," alisema. "Sisi ndio hatupo." Msumari ukabaki mtupu Krismasi nzima.

Januari baba alinichukua kwenda Nyeri kununua misumari na bawaba. Nilipoinua macho, nyuma ya kaunta, ndani ya fremu pana kama dirisha, kulikuwa na uwanja wetu. Ng'ombe alikuwa amerudi bila kuitwa na kuingiza kichwa. Choo kilikuwa kinawaka jua. Cucu alikuwa amekaa katikati yetu sote kama mwenye mlima.

"Ile ya kalenda ni ya kila mtu," Bwana Harish akamwambia baba. "Hii ni ya duka. Mteja akiuliza mabati yangu yanang'aa namna gani, namwonyesha."

Tulimleta cucu wiki iliyofuata. Alisimama mbele ya fremu, wateja wakampisha, naye akasogea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Mlima umetoka mdogo," akasema hatimaye. "Lakini mimi nimetoka vizuri."

Bwana Harish alimpa nakala, nayo ikapata msumari wake. Haukupita muda, babake Wairimu akaenda kununua rangi, na kesho yake Wairimu akaninong'oneza darasani, "Baba ameona cucu yako Nyeri, amekaa mbele ya choo." Sijawahi kusifiwa vizuri zaidi ya hapo.

Cucu alishatuacha, na pale choo kilipokuwa, ndugu yangu Ndirangu ameweka tangi kubwa la maji. Theluji imepungua, asubuhi nyingi vilele ni jiwe tupu. Lakini vitunguu bado vinanuka vilevile, na Agosti iliyopita binti yangu alisimama mlangoni akaupiga mlima picha kwa simu. Siku hizi simu inafuta usichokitaka. Akapitisha kidole, tangi likatoweka, kisha akanionyesha mlima umesimama peke yake, safi. Nilimwambia ni picha nzuri, halafu nikamuuliza mjomba wake ameenda wapi, maana alikuwa pale akichota maji. Binti yangu akacheka, akabonyeza mara moja, na Ndirangu akarudi, amevaa gambuti, ndoo mkononi, anatutazama.