Bundi Hatajwi

Daktari alipomwambia mume wangu kwamba dawa zimeshindwa, hakulia. Aliuliza kama bado anaruhusiwa kutembea porini. Nilitamani kumzaba kofi.

Ndege walimwingia akilini alipokuwa akifanya kazi ghalani kule Wetherill Park, huku ughaibuni. Wenzake wakitoka kuvuta sigara, yeye alitoka kutazama juu. Akanunua darubini, akajiunga na kikundi cha wazee Wazungu wanaowahi kuamka kuliko jogoo. Aliowataka aliwaona karibu wote, isipokuwa bundi mkubwa, yule anayelala mchana juu ya mikalitusi mirefu huku ameshikilia mabaki ya chakula chake cha usiku.

"Huyo tu," aliniambia. "Nikimwona huyo, sitakusumbua tena."

Hayo ndiyo maneno ya kumwambia mke.

Dada yake mkubwa alikuwa amekuja kutoka Kakamega kumuuguza. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wifi yangu alikuja na jembe lake mwenyewe, na shamba lilikuwa mimi. Uji wangu mwepesi, maombi yangu mafupi. Mume wangu akaamua dada asiambiwe tunamfuata ndege gani, kwa sababu kwetu bundi akitua karibu na mgonjwa, majirani huanza kuulizana viti vya matanga vitatoka wapi, na anayempenda mgonjwa hutoka na kijinga cha moto kumfukuza. Aliambiwa tunakwenda kupunga hewa. Akajifunga leso juu ya koti, akabeba chupa ya chai, akakaa kiti cha mbele.

Ilikuwa Julai, baridi ya kukata masikio. Kutoka kwetu Lidcombe niliendesha hadi bonde ambalo wazee wa kikundi walikuwa wamemwelekeza mume wangu. Tulimshika makwapani, mimi huku na wifi kule, na suruali yake ilishikiliwa na kamba kwa sababu hakuna mshipi uliomtosha tena. Kila mti aliotaka tulimfikisha. Hakuna kitu. Alikohoa, akapumzika juu ya gogo, akasema mti mmoja zaidi. Wifi aliomba kwa sauti ya kufukuza hata kunguru.

Kisha mume wangu akaona chini ya mti kinyesi cheupe, kama mtu amemwaga chokaa.

"Yuko," alinong'ona.

Mikono ilimchoka, darubini haikufika machoni. Nikamshika viwiko nikamwinulia, kwa hiyo macho yangu yalikuwa kwenye mikono yake, si juu. "Kushoto kidogo," alisema. "Hapana, rudi." Nilikuwa nairudisha darubini, wifi alipoinua kichwa.

Alipiga yowe la jina la Yesu, akairusha chupa ya chai kwa nguvu zake zote. Bundi hana kelele akiruka. Nilipotazama, lilikuwa tawi tu likicheza, na chai ikitoa mvuke kwenye majani. Mume wangu aliendelea kulitazama lile tawi kwa darubini, muda mrefu.

"Umefanya nini?" nilimfokea wifi.

"Nimefanya kazi yako. Mke gani anampeleka bwanake kwa bundi?"

Garini mume wangu akauliza kutoka kiti cha nyuma, taratibu kama mtoto anayeomba sukari, "Dada, alikuwa anakaa aje?"

"Bundi hatajwi."

"Niambie macho tu."

"Hapana, ndugu yangu. Nikimtaja atarudi."

Wifi alikuwa akilia. Ningemhurumia, lakini huruma yote niliyokuwa nayo ilikuwa imelala kiti cha nyuma.

Mume wangu alimwuliza tena akiwa kitandani, na tena, hata sauti ilipobaki uzi. Dada alimlowesha midomo kwa pamba, akakataa. "Basi rangi yake," alisema. Dada akaanzisha wimbo wa kanisani. Mpaka leo wimbo ule ukianzishwa, mimi hutoka nje.

Alifariki baridi ikiwa bado haijaisha.

Wakati wa matanga sebule ilijaa, Wakenya na Wakongo wa kanisani kwetu, sahani mapajani. Mtu akauliza mambo yalianzaje. Wifi akaweka sahani chini, akafuta macho, akamtaja bundi. Alisema alikuwa mkubwa kama mtoto aliyeanza kutembea, kifua cheupe chenye michirizi ya kahawia. Alisema kuchani alining'iniza mnyama mdogo asiye na kichwa, na mkia wake ulikuwa ukipembea polepole. Kisha bundi akageuza shingo, akamtazama mume wangu moja kwa moja. Alisimulia vizuri. Nilisimama mlangoni na sinia la chai, nami ndio kwanza namwona yule bundi.

"Na macho, dada?" mama mmoja Mkongo aliuliza. "Ilikuwa namna gani?"

"Manjano," wifi alisema, "kama kiini cha yai la kienyeji." Akamweleza yote tena kutoka mwanzo, bila kubembelezwa.